Tawi la "Naenda"

Saa nne asubuhi Ezhilarasi alikuwa akipitia mazungumzo ya roboti yake alipokutana na jibu la mama yake, lililotumwa tangu saa moja. Chai ikamshinda.

"Naenda."

Basi. Hakuna "narudi". Kwao Watamil mtu haagi hivyo. Hata anayekwenda kununua kiberiti husema naenda narudi. Anayeondoka bila kurudi ni yule anayebebwa na wenzake akiwa maiti. Na Amma, mama yake, mwenye ugonjwa wa moyo, alikuwa peke yake kijijini, mwendo wa saa nane kutoka jiji la Coimbatore alikofanya kazi bintiye.

Roboti hiyo, programu ya kutuma ujumbe kwa simu, Ezhil aliiunda mwenyewe, ya kuwajulia hali wazee wanaoishi peke yao. Kila asubuhi inawaandikia kuuliza kama wamekula. Jibu likiwa baya, jirani anapigiwa simu. Maktaba ya programu aliyoitumia, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, haina mzaha: hakuna rekodi inayofutwa, ujumbe wa leo unaunganishwa na hali ya jana kupata hali mpya, na kila jibu linaloweza kuja lazima liwe na tawi lake, yaani maelekezo ya la kufanya, la sivyo programu inagoma. Ezhil alichoka kugomewa. Mwishowe akaweka tawi moja la kuzoa yote: kwa lolote lingine, jibu "Haya, siku njema."

Kwa hiyo mama aliandika kwamba anaenda, na mashine ya bintiye ikamtakia siku njema. Ezhil aliona aibu kwanza, kisha hofu ikaja.

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakatika. Mara tatu.

"Simu iko jikoni, mwenyewe yuko uani," alisema Thangaraj, mfanyakazi mwenzake wa meza ya pili. "Wazee wetu ndivyo walivyo, dada. Utazeeka wewe kabla yake."

"Ameandika naenda, Thanga. Tupu."

Thangaraj aliacha kutafuna. "Tupu?"

Hakutania tena.

Ezhil akampigia jirani, Selvarani, anayemwita Akka, dada mkubwa. "Akka, kimbia kwa Amma, tafadhali. Usiniulize kitu."

"Nina unga mikononi, mdogo wangu."

"Nenda nao."

Akasikia kandambili zikipiga njia, kisha mlango ukigongwa. Ukagongwa tena. Ezhil alikwisha kutundika mkoba begani, ingawa hakujua mkoba ungesaidia nini umbali wote ule.

"Huyu hapa nyuma," Selvarani alisema hatimaye. "Anamwagilia asumini, hana hata habari."

Amma akapewa simu. "Kuna nini, kipenzi? Mbona unahema?"

"Kwa nini umeandika naenda?"

"Si nilikuwa naenda sokoni? Na wewe mwenyewe ulinikanya, mashine haitaki maneno mengi, niandike moja tu. Nikaandika moja."

Ezhil alikaa chini, machozi yakimtoka mbele ya Thangaraj, asijali. "Basi andika yote, Amma. Hata kumi."

"Sawa, mwanangu."

"Haya, wacha nikairekebishe mashine hii. Naenda narudi."

Mama hakukata simu. Maneno hayo hayo Ezhil alimwachia mlangoni mwezi wa kwanza, sikukuu ya mavuno ya Pongal ilipokwisha, na sasa ulikuwa mwezi wa tisa, hajarudi bado.

"Lini?" Amma akauliza.