Kabichi na Sukuma

"Mama, hapo weka *have*!" Shadya alimsahihisha mama yake Kiingereza, kikapu cha mboga kiunoni.

"Niiweke wapi, mwanangu? Mdomo umeshajaa."

"Basi tazama shamba lako. Kabichi za Jumanne?"

"Nilizikata, zikaenda sokoni Magoma. Basi."

"Hizo zimekwisha, hazina *have*. Lakini sukuma umechuma tangu Januari, na bado unachuma. Hiyo ndiyo *have*."

Mama yake, Kuluthumu, alicheka, akamrushia jani. Miaka tisa ameongoza wageni msituni, lakini sasa asiye na kitambulisho cha kuongoza haingii nao, na usaili wa Kiingereza umemwangusha mara mbili. Leo ilikuwa mara ya tatu, na ya mwisho.

Msaili alikuwa binti kutoka Tanga, Esta, mwenye viatu vipya. "Shikamoo, mama," alisema, kisha akashika Kiingereza cha usaili, na Kiswahili chake kikaishia hapo. Wakapanda msituni. Kuluthumu alieleza miti kwa vipandevipande. Kila kitenzi kilimkwama. Kwenye njia panda akavunja tawi bichi, akalilaza upande wa kushoto kama mama yake alivyomfundisha. Kiingereza kikagoma. Akapishanisha mikono kifuani: huku hakupitiki. Esta akaandika kitu.

Huko juu ukungu ukashuka ghafla. Kuluthumu alipogeuka hakuona mtu. Binti alikuwa amerudi nyuma kupiga picha kinyonga. Kuluthumu akamwita mara tatu. Njia ile ya kushoto iliishia ukingoni mwa korongo, na Kuluthumu aliijua. Akaanza kuteremka mbio; kitambulisho hakikumjia hata akilini.

Kisha viatu vikasikika kwenye majani makavu.

"Nilishaanza kuingia kushoto," Esta alisema, akihema, sasa kwa Kiswahili, Kiingereza kimempotea chote. "Nikakanyaga tawi lako."

Kuluthumu akamshika mkono, na Kiingereza kikamtiririka kama maji: njia ile aliifunga asubuhi ya leo, njia za msitu huu amezifunga miaka tisa, na mgeni hajampotea hata mmoja.

Esta akafunga daftari. "Kapige picha ya kitambulisho, mama."

"*Have* nimeiweka lakini?"

"Wala sijui. Nilikuwa natetemeka."

Wakacheka mpaka Kuluthumu akalazimika kukaa chini.

Walipofika tena njia panda, tawi lilikuwa limeanza kunyauka. Nyuma yao, mahali fulani ndani ya ukungu, watu walikuwa wakiongea wakija. Kuluthumu akavunja jingine.