Hodi kwa Meya Griffins

Meya Griffins alikufa miaka mia moja na thelathini iliyopita, lakini viatu vyake bado vilipanguswa vumbi kila asubuhi. Aliyevipangusa ni Ikupa, na leo alivipangusa bila kuvitazama.

Jana aliomba kazi ya kuwatembeza wageni katika nyumba ya meya huyo, ambayo sasa ni makumbusho, hapa Saint Paul, Marekani. Dativa, msimamizi wake na Mtanzania mwenzake, aliirudisha barua bila kuifungua.

"Mdogo wangu, umeishia darasa la nne. Wageni utawaeleza nini, habari za ufagio?"

Ikupa aliinamisha kichwa. Haya yake ilikuwa kama blanketi: nzito, lakini ameizoea.

Saa nne wakafika wazee wa kanisa la Watanzania kutoka mji jirani wa Hopkins, watu kumi na wawili. Mlango ulikuwa wazi na Dativa aliwapungia mkono waingie. Hawakuingia.

"Hodi," aliita kiongozi wao, Mzee Vedasto.

"Ingieni tu, mzee. Hapa haishi mtu."

"Ndiyo tuingie kwa marehemu kama wezi?"

Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyenyanyua mguu. Theluji ikawatua mabegani.

"Hodi jamani."

"Karibuni," sauti ikajibu kutoka kwenye ngazi. Ikupa alishtuka, ilikuwa sauti yake. "Karibuni ndani. Poleni na baridi."

Wakaingia, wakampa mkono mmoja mmoja. Aliyekwisha kukaribisha wageni hawapi kisogo akarudi kufagia.

"Huyu bwana alikuwa nani, binti?" Mzee Vedasto aliuliza mbele ya picha.

Maelezo hayo Ikupa alikuwa ameyasikia kwa miaka mitatu akifagia, mgongo ukiwa umeinama.

"Mchuuzi, baba. Aliuza misumari na chumvi kwa mkokoteni, akafungua duka, duka likazaa maghala. Alipogombea umeya wakubwa walimcheka, kwa sababu shule aliiacha akiwa na miaka kumi." Mgongo ukanyooka. "Akawauliza, 'Barabara yenu imejaa matope. Ni msomi yupi kati yenu aliyeyafukia?'"

"Akashinda?"

"Mara tatu."

Dativa akamsogelea, akanong'ona, "Ikupa, ufagio wako uko ngazini."

"Nimeuona, dada. Naomba uusogeze, wazee wasijikwae."

Nje, watu wengine walikuwa wakikung'uta theluji viatuni.

"Hodi wenyewe," mwanamke aliita.

Dativa akafungua mdomo. Ikupa akamtangulia.