Yaqdhan Ameacha Dizeli

"Mie na dizeli tushaachana, talaka tatu!" Yaqdhan alitangaza mbele ya duka la chai, mtaani Darsait, huku akizungusha ufunguo wa gari jipya kidoleni. "Hata harufu yake siitaki. Nikipita penye pampu yake nnafunga kioo."

"Usiseme kwa nguvu," jirani yake Salem akamwambia. "Wewe ukipimwa damu itatoka nyeusi."

Watu wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Tangu alipoota ndevu, Yaqdhan hakuwa na kipenzi ila pikapu moja ya dizeli aliyoirithi kwa babake. Ikiwashwa alfajiri, hakuna aliyehitaji saa ya kumwamsha. Yeye ni fundi wa viyoyozi, na pikapu ile ilibeba mashine, ngazi, mbuzi wa Idi, na siku moja ilibeba jokofu pamoja na shangazi yake, shangazi akiwa nyuma kulishikilia jokofu. Mapenzi hayo alikuwa ameyajengea na elimu yake mwenyewe. Dizeli, alisema, ina utelezi. Ukiigusa inabaki kidoleni. Petroli ukiigusa inapotea. "Kitu kinachokukimbia mkononi, utakitegemea vipi mlimani?"

Sasa nini kilichomwachisha? Bashayer, msichana wa nyumba ya mkabala. Yaqdhan alipeleka posa, na babake Bashayer, ambaye nyumbani kwake ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya nani atachukua Kombe la Dunia, akajibu, "Mie sina neno. Muulizeni mama."

Mama huyo, yaani bibi yake Bashayer, ndiye Bi Hasina, mzaliwa wa Unguja, mwanamke ambaye akikohoa watu huzima televisheni. Bi Hasina akatoa hukumu yake:

"Kijana simkatai. Naikataa pikapu. Inapumua ndani ya mapazia yangu, nyumba nzima yanuka jenereta. Mjukuu wangu simwozi karakana. Aiache dizeli, kisha Ijumaa aje anipeleke Bustan kwa dada yangu. Nikishuka garini ntasema ndiyo au siyo."

Ikawa hivyo. Pikapu ikauzwa, Yaqdhan akaificha sura yake ukutani mpaka ilipokata kona. Akanunua gari dogo jeupe la petroli, safi, kimya kama mtu aliyenuna.

Lakini mwili una kumbukumbu zake. Kila akiliwasha alizungusha ufunguo nusu, akangoja koili ipate moto kama dizeli inavyotaka, na gari lenyewe halina koili ya kupasha. Akizungumza ndani alipiga kelele, maana kwenye pikapu ukisema taratibu hata wewe mwenyewe hujisikii. Na akifika mwisho wa safari hakuzima. Alikaa ndani injini ikiwaka, kama mtu anayengoja ruhusa ya kushuka. Jioni moja Bashayer alimwona kutoka dirishani akamtumia ujumbe: "Unamsubiri nani humo?"

"Nnaipumzisha injini."

"Mbona yenyewe ishalala zamani?"

Ijumaa ikafika. Asubuhi Yaqdhan alilipiga gari maji, akalitia udi, akapiga na pasi kanzu yake. Kisha akaenda uani kutafuta kitambaa, na huko, nyuma ya kiyoyozi kibovu, akakutana uso kwa uso na galoni la dizeli lililobaki tangu enzi za pikapu. Limejaa. Limetulia. Linamtazama.

Kumwaga ni israfu. Kumpa Salem ni kukiri kwamba lilikuwepo. Na zaidi ya hayo, Yaqdhan alikuwa na wasiwasi wa kitaalamu: ile njia ya Bustan ina mpando, na Bi Hasina si mtu mwepesi, na Bi Hasina hasafiri bila sufuria ya biriani. Gari likishindwa mlimani, ndoa nayo ishashindwa. Petroli peke yake, alijiambia, ni kama wali usiotiwa samli: utashuka kooni, lakini hautakaa tumboni. Injini inataka kulainishwa. Kidogo tu. Kikombe cha kahawa.

Akatazama mwanzo wa kichochoro, akatazama mwisho. Hapana mtu. Akakata chupa ya maji akaifanya faneli ya kumiminia, akaanza. Kikombe kimoja kikaita cha pili. Galoni liliporudi uani lilikuwa jepesi kama ahadi zake.

Baada ya sala akampitia Bi Hasina. Bibi akakaa mbele na buibui lake na fimbo yake. Nyuma akakaa Nanteza, msichana wa Kiganda anayemsaidia kazi za nyumbani, sufuria ya biriani mapajani, kaishika kama mtoto mchanga.

"SHIKAMOO BIBI!" Yaqdhan akapiga kelele.

"Marahaba. Mie si kiziwi, mwanangu."

Njiani akaingia kituo cha mafuta. Gari lilikuwa na mafuta ya kutosha, na mnajua wenyewe ni ya aina gani, lakini alitaka bibi asikie kwa masikio yake. Akateremsha kioo. "Petroli!" akamwambia mhudumu. "Petroli khasa! Ile ya bei ya juu! Mie situmii kingine!"

Mhudumu alikuwa kijana aitwaye Lwanga. Alipomwona Nanteza nyuma wakasalimiana Kiganda, wakacheka kidogo, akajaza, akafuta na kioo bila kuombwa.

"Kijana ana adabu," Bi Hasina akasema.

Wakashika njia ya Bustan. Mpaka mwanzo wa mlima mambo yalikuwa shwari, Bi Hasina akaanza hata kuulizia kama Yaqdhan anapenda mchuzi wa papa. Ndipo gari likapiga chafya. Likatetemeka. Likagonga tumboni kama mtu aliyemeza kokwa ya tende. Moshi mweupe ukafumka nyuma, gari la nyuma likapiga honi, na Yaqdhan akawahi tu kulivuta pembeni kabla halijakata roho.

Bi Hasina akanusa mara mbili.

"Nasikia harufu ya mtalaka wako."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angetubu. Yaqdhan akaruka nje, akafunua boneti, akapunga mikono.

"Wametuua, Bibi! Kituo kile! Mafuta machafu, wamechanganya! Mie nnaijua injini kwa sikio, haya ni mafuta yao!"

"Yule kijana aliyefuta kioo?"

"Yeye... ndiye aliyeshika pampu."

Bi Hasina akafungua mlango, akateremsha mguu mmoja, kisha wa pili, kisha fimbo. Akatoa simu akampigia mjukuu wake Loai, ambaye anafanya kazi serikalini, hakuna anayejua idara gani, lakini Bi Hasina humtumia kwa idara zote. Akaiweka spika.

"Loai, kuna kijana katutilia uchafu kwenye gari. Nataka leo hii hii mwajiri wake apigiwe simu. Afukuzwe, arudishwe kwao."

"Haya Bibi, nipe kituo gani."

Nyuma ya gari, Nanteza aliyekuwa ameshateremka na sufuria yake akaacha kuchezesha vidole kwenye mfuniko.

Yaqdhan akaingilia mbio. "Bibi, tusifike huko. Leo Ijumaa. Mie nnamsamehe."

Bi Hasina akamgeukia taratibu. Katika uso ule ambao watu huzimia televisheni kukaingia kitu laini.

"Gari jipya kaliharibu, kanzu yako imeingia masizi, nawe wamsamehe?"

"Binadamu ndio hivyo, Bibi."

"Mashallah. Loai, umesikia? Siku hizi wapi utapata mwanamume wa hivi?" Akajiegemeza kwenye fimbo. "Nilisema nikishuka ntasema. Haya, nishashuka."

Moyo wa Yaqdhan ukawaka kama pikapu alfajiri.

"Ila yule kijana simwachi, asije akaua watu njiani. Hebu mwambie Loai kwa kinywa chako, apate pa kuanzia. Garini mwako hamkuingia kitu isipokuwa alichotia yeye. Sivyo?"

Akamsogezea simu mdomoni. Upande mmoja alikuwepo Bashayer na maisha yote. Upande wa pili, kijana wa watu na kitambaa chake cha kufutia vioo. Yaqdhan akainamia simu.

"Loai," akasema, "hata tone. Alichotia yeye, basi."

"Mama, samahani." Sauti ilikuwa ya Nanteza, ndogo, lakini kule mlimani hakukuwa na kingine cha kusikiliza. "Boss, na ile ya jerikeni?"

"Jerikeni gani?" Yaqdhan akauliza, haraka kupita kiasi.

"Ile ya asubuhi. Mimi nilikuwa juu kwa nyumba, naanika mashuka ya Mama. Uliweka na chupa ya maji umekata. Ilikuwa nyingi, ulimaliza yote." Akafikiri kidogo, asije akasahau jambo. "Halafu ulikumbatia jerikeni. Ukaibusu."

Bi Hasina akaufunga mdomo uliokuwa ushafunguka kusema ndiyo.

"Alo?" ikaita simu. "Bibi? Nani kabusu nini?"