Kasuku na Hesabu za Babeli

Mwalimu wa darasa la nne aliingia na beseni la udongo aliopewa na mfinyanzi, gauni limeshachafuka kabla kazi haijaanza. Watoto wakakaa kitako bila kuambiwa.

"Leo tunakwenda Babeli," akasema. "Watu wa kule, zamani hizo, hawakuwa na madaftari. Hesabu zao walizikandamiza kwenye udongo mbichi kwa kijiti cha mwanzi."

Akawaonyesha. Kijiti kikisimamishwa kinaacha alama kama msumari: hiyo ni moja. Kikilazwa upande kinaacha alama kama mdomo wa ndege: hiyo ni kumi. Ukifika sitini unarudi kwenye msumari uleule, ila unausogeza kushoto na kuacha nafasi.

"Kwani sitini ina nini, Mwalimu?"

"Saa moja ina dakika ngapi?"

"Sitini!" darasa likajibu, kisha likacheka, kama watu waliokuta chombo cha jirani kabatini mwao.

Kila mtoto akaandika kwenye kigae cha udongo umri wa mtu mkubwa kuliko wote nyumbani kwao, kisha wakabadilishana vigae ili wasomeane. Hapo ndipo mwalimu alipomwona msichana aliyeitwa Kasuku. Jina hilo alipachikwa na wenzake, maana kila akiitwa kusoma ubaoni alirudia alichonong'onezwa na jirani yake, makosa na yote. Mwalimu alikuwa ameshakata tamaa naye. Alimhesabu mtoto mwerevu aliyezidiwa na uvivu.

Sasa Kasuku alikuwa amefumba macho, na kidole gumba kinatambaa juu ya kigae cha mwenzake.

"Msumari, nafasi, mdomo mmoja, misumari mitatu," akasema. "Sabini na tatu. Huyo ni bibi yako."

"Ndiye," mwenzake akakubali.

Mwalimu akampa kigae kingine, kile kilichofinyangwa vibaya kuliko vyote, ambacho yeye mwenyewe kilikuwa kimemshinda. Kidole kikapita, kikarudi, kikapita tena. "Arobaini na sita. Huyu aliandika na mikono imelowa."

Mwalimu akageuka, akachora namba ileile ubaoni kwa chaki, kubwa kama sahani. "Na hii, Kasuku?"

Msichana akainua uso na kusubiri. Akasogeza sikio kidogo upande wa jirani yake, lakini jirani alikuwa ameduwaa kama wengine. Ndipo mwalimu akaelewa kwamba haoni. Akafuta ubao polepole, akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya, tunaweni mikono."

Wenzake walipotoka akakaa naye kwenye dawati.

"Umeanza lini kutoona?"

"Sijui, Mwalimu. Ni kama moshi, tena unazidi."

"Baba anajua?"

Kasuku akatikisa kichwa. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalikuwa yamechoka. Kasuku ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano tangu mama yake alipofariki. "Akijua, ataona amebaki peke yake," akasema.

Wakaongozana hadi kibandani kwa fundi. Mwalimu alipobisha hodi, fundi akazima cherehani na kuondoa vitambaa kwenye kiti ili mgeni akae. Alisikiliza yote, mkono umetulia juu ya suruali aliyokuwa akiipinda.

"Njoo, mama," akamwambia mwanawe. "Nitungie."

Kasuku akalowesha uzi mdomoni, akalitafuta tundu la sindano kwa ncha ya ulimi, akapitisha. Baba yake akautazama uso ule kwa karibu, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Nilidhani ni madoido yako," akasema, akamvuta kifuani. "Sindano si kazi yako tena. Kazi yako ni kupona."

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na kwamba hata watoto huupata ugonjwa huo. Baada ya upasuaji, jicho la kulia lilifunguka vizuri. La kushoto lilibaki na ukungu, na pengine litabaki nao. Muda wote Kasuku alipokuwa kitandani hospitalini mwalimu alimpelekea udongo, naye akajifunza kuzidisha kwa vidole huku wagonjwa wa jirani wakibishana naye majibu. Baba yake naye akaketi pembeni, akajaribu kuandika umri wake kwa Kibabeli, akajipunguzia miaka kumi, akakamatwa papo hapo.

Kasuku aliporudi shuleni, mwalimu alimkalisha mbele na kuandika hesabu ubaoni. Kasuku akaitazama kwa muda mrefu, jicho moja limekodolewa.

"Mwalimu," akasema, "nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Mwandiko wako si mzuri."

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu alicheka mpaka akalazimika kugeukia ubao, akabaki hivyo kidogo, chaki mkononi, kabla hajaweza kuendelea na somo.