Isale Kwenye Kopo la Rangi

Fundi Filemon alikuwa na mambo mawili ya kujivunia pale kwenye hanga la ndege, na kila aliyefanya kazi chini ya banda lile la mabati aliyajua, maana mzee aliyataja kila wiki. La kwanza, kwa miaka thelathini na mmoja hakuna ndege iliyochelewa kuruka kwa sababu yake. La pili lilikuwa mche wa isale uliopandwa kwenye kopo la rangi karibu na mlango wa ofisi yake, ambao kwa miezi minane haukuwa umechumwa hata jani moja.

Kisa cha mche huo kilianzia kwenye semina. Mtaalamu alikuja kutoka Dar es Salaam kuwafundisha mafundi wa ndege habari za uchovu. Aliwaambia kwamba fundi aliyekosa usingizi hana tofauti na fundi mlevi, ila mlevi walau ananuka. Akawaachia fomu: atakayejisikia amechoka ajaze, apumzike, kazi yake apewe mwingine. Fomu zikakaa kabatini mpaka panya wakaanza kuzisoma. Nani hapa Moshi ataandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba amechoka? Kule mtaa wa Pasua wana utani wao kwamba Mchagga akikuambia amechoka, muulize duka kamwachia nani.

Filemon ndiye aliyetoa dawa. Alipanda mlimani kwao Kibosho, akachimba mche mmoja wa isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, cha marehemu baba yake, akaushusha mjini. Jani la isale si la mchezo kwa Wachagga. Aliyekukosea akija nalo mkononi kuomba radhi, humfukuzi, hata kama kosa lake bado linakuchoma moyoni. Basi Filemon akaweka sheria. Fundi aliyechoka achume jani, aliweke mezani, aende akalale. Haulizwi neno. Mwenzake anaichukua kazi na kuianza upya tangu mwanzo.

Watu walipiga makofi. Kisha miezi ikapita na mche ukazidi kunawiri. Kila asubuhi mzee aliumwagilia maji huku akisema kwa sauti ya kufika hadi kwenye mkia wa ndege, "Mnauona unavyostawi? Mafundi wangu ni chuma." Nao mafundi walicheka, wakashika spana zao.

Mwezi wa Januari kaka yake Filemon, Wenseslaus, alifariki. Sasa Filemon ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo, na mkubwa halali msibani. Kwa siku nne alipokea wageni, akasuluhisha ugomvi wa wapi kaburi lichimbwe, akakesha na wazee kwenye moto. Walipomaliza kuzika, mkewe Mektrida alimsihi alale japo siku moja. Filemon alimjibu kwamba kuna ndege inamsubiri, akaoga, akapanda pikipiki akateremka ile barabara ya mashimo. Jumanne saa moja asubuhi alikuwa kazini. Kwenye karatasi za ofisi alikuwa ametoka likizo ya siku nne, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi hakuna aliyepumzika kumshinda.

Ndege ilitakiwa kuruka saa nne na watalii tisa, wazee watupu. Kazi iliyobaki ilikuwa kebo ya mkia, ile inayomwezesha rubani kuinua na kushusha pua ya ndege. Bolti ya kebo hukazwa kwa nati, kisha pini ndogo hupitishwa ndani yake ili nati isijifungue angani. Kadi ya kazi ilikuwa na mistari kumi na minne, na kila mstari ulitaka sahihi ya fundi aliyeifanya kazi hiyo. Filemon alifanya na kusaini, akafanya na kusaini, akafunga vifuniko vyote vya mkia. Saa tatu na nusu alikuwa kwenye mstari wa mwisho.

Aliusoma mara tatu na maneno hayakuingia kichwani. Akarudi juu ya kadi ili ajipe pumzi, jicho likaangukia mstari wa pini. Ulikuwa umesainiwa. Na aliikumbuka pini ile vizuri kabisa, jinsi alivyoikunja kwa koleo huku mvua ikipiga mabati juu ya kichwa chake.

Akatazama nje. Jua lilikuwa kali na uwanja mkavu, vumbi tupu. Mvua ile ilikuwa ya kabla ya msiba, na pini ile ilikuwa ya ndege nyingine.

Wazo la kwanza lilikuwa la mwizi: afungue kifuniko kimoja kimyakimya, atazame pini, kama haipo aiweke, nani atajua? Dakika kumi tu. Lakini akajiuliza, kama akili yake imemletea pini ya mwezi uliopita, imemletea nini kingine? Alijaribu kuikumbuka mistari yote aliyoisaini, akashindwa kujua ipi ni ya leo.

Stella alikuwa amesimama pembeni yake na kalamu. Alikuwa fundi wa miaka thelathini na miwili kutoka mtaa wa Soweto hapa Moshi, na kila alichokijua alifundishwa na Filemon. Kazi ya mkia lazima ikaguliwe na mtu wa pili, na wa pili alikuwa yeye. Ila kukagua kazi ya Filemon kulikuwa kama kuonjeshwa mchuzi na mama mkwe: unasema chumvi imekolea, basi. Alikuwa ametupa jicho kwa tochi kabla vifuniko havijafungwa, na sasa alingoja kuweka sahihi yake chini ya ile ya mwalimu wake.

Filemon akaiweka kadi chini. Akatembea mpaka kwenye kopo la rangi, mbele ya mafundi wote, mbele ya bosi Ronald aliyekuwa akitazama saa, mbele ya rubani. Akainama akachuma jani la chini kabisa. Jani la isale ni gumu, halitoki kwa mara moja, ikabidi alivute kwa mikono miwili. Akalipeleka mezani, akaliweka juu ya kadi ya kazi.

Ronald alikuwa kijana aliyerithi kampuni kwa baba yake, na tangu utotoni alikuwa hajawahi kumwona mzee huyu akishindwa. Alisogea akasema taratibu, "Mzee Filemon, bado nusu saa. Kuna nini?"

Aliyejibu alikuwa Stella.

"Bosi, jani la isale haliulizwi."

Ronald akamtazama Stella, akalitazama jani. Kisha akatoka nje mwenyewe kwenda kuwaeleza wale wazee kwamba watachelewa. Stella akaifuta kalamu kwenye ovaroli kana kwamba ilikuwa na uchafu, akairudisha mfukoni, akashika bisibisi.

Filemon alilala kwenye kitanda cha chumba cha huduma ya kwanza, na alilala kama mfu. Muungurumo wa ndege ikiruka ndio uliomwamsha. Saa ya ukutani ilisema saa saba na robo. Stella alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango, na mapajani mwake kulikuwa na tochi ndogo yenye herufi F iliyochorwa kwa rangi nyekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pini ilikuwepo?"

"Ilikuwepo. Umeikunja vizuri kuliko ya kitabuni." Akainyanyua tochi. "Hii nayo ilikuwepo. Kifuniko cha pili, imelala kando ya kebo."

Filemon aliipokea. Kama angefungua kifuniko kimoja tu, cha pini, angeridhika, angefunga, angesaini. Tochi ingekwenda angani, na siku ambayo ingejiviringisha chini ya kebo, rubani angevuta usukani na pua isingepanda. Aliwaza wale wazee tisa, akaona aibu, na chini ya aibu akaona kitu kingine alichokuwa hakijui, kama mtu aliyetua mzigo.

"Nami ningesaini," Stella alisema. "Nisingeiona, kwa sababu ni kazi yako. Hilo ni kosa langu mimi." Akasogeza stuli karibu na kitanda. "Mzee, nikuambie kwa nini hatukuchuma?"

"Niambie."

"Isale ni la kuomba radhi. Anayelichuma amekosa. Na sisi kuchoka hatujakosa. Halafu wewe kila asubuhi unausifia mche. Mwezi wa nane mwanangu alipolazwa, nilifanya kazi siku tatu macho yakiwaka moto. Kila nikipita pale nasikia sauti yako: mafundi wangu ni chuma."

Neno hilo lilimchoma, na alikubali limchome. Kumbe mche ulionawiri miezi minane ulikuwa umemwagiliwa uongo, na mmwagiliaji ni yeye. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa amewafundisha watu kuficha.

"Basi lile jani lilikuwa mahali pake," alisema. "Mimi nilikuwa na radhi ya kuomba kwenu. Ninyi mkilichuma, ni kuchoka tu. Kesho nitawaambia wote."

Aliwaambia, mbele ya kopo, bila kupunguza neno, na tochi akaionyesha. Wiki mbili baadaye fundi mwenzao Yoramu, ambaye mkewe alikuwa amejifungua mapacha, alichuma jani. Filemon alilipokea, akamkabidhi Stella kazi, akamwambia Yoramu amsalimie mama watoto. Baada ya hapo wengine nao wakaanza.

Aprili alikuja mkaguzi, mama mmoja aitwaye Pamela, mwenye miwani na daftari nene. Alikagua spana, akakagua kadi, akakagua leseni. Alipofika mlangoni mwa ofisi akasimama mbele ya kopo la rangi. Mche ulikuwa umebaki na kishungi cha majani juu kabisa, na shina lote chini lilikuwa uchi, limejaa makovu.

"Mzee, hili ua lenu linakufa," alisema. "Hamlitunzi?"

Filemon alivua kofia. Tangu aanze kazi hakuwahi kujisikia mrefu namna ile.

"Hesabu hayo makovu, mama."

Mkaguzi akainama, akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Kumi na moja."

"Ndiyo, kumi na moja," alisema Filemon. "La kwanza kutoka chini ni langu."