Shamba la Mukabalisa Ukutani

Jumamosi asubuhi, makumbusho madogo ya sanaa pale Himbi huwafungulia kwanza wenye majembe. Fabiola, mkurugenzi, huweka ndoo ya maji ukumbini, maana watu hutoka ndani ya picha na tope miguuni, na sakafu ni ya kupiga deki kila siku.

Picha inayopendwa ni shamba la Masisi, ambalo mchoraji Cyprien alilichora juu ya turubai ya kambini. Akina mama waliokimbia vita huko huteremka kutoka kambi ya Kanyaruchinya, husalimia, huinua mguu kuvuka fremu, kisha hupalilia maharagi. Kabla ya saa sita hutoka na lenga-lenga, mchicha wa kupika. Wageni wa mashirika huwapiga picha na kusema makumbusho haya kweli yako karibu na watu. Ee, karibu sana, hadi mboga ya jioni inatoka humo.

Shamba lenyewe ni la Mukabalisa, mmoja wao. Ndiye aliyemwelekeza Cyprien kila tuta. Lakini picha iliishia kwenye mti wa avoka, na nyumba yake iko nyuma ya avoka. Kila alipofika pale alikuta ukingo wa fremu, akarudi. Roho ilimuuma kweli.

"Papa Cyprien, nyumba yangu ulinikatia."

"Mama, turubai iliisha."

"Basi ongeza ingine! Mimi nataka kulala kwangu."

Mukabalisa akaenda kuling'oa hema lake kambini, akalileta kichwani limekunjwa. Jirani yake Philomène alimfokea: na mvua je? Akajibu kwamba mvua itamkuta kwake.

Cyprien alilishona kwenye picha, akachora mabati, mlango wa bluu na kamba ya nguo. Rangi ilipokauka, moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Cyprien alisema huo hakuuchora yeye, Fabiola akafungua madirisha.

Mukabalisa aliwaaga wote vizuri, akapita avoka. Kwenye kamba kulikuwa na nguo za watoto. Alisimama kidogo mbele ya mlango wake, kisha akapiga hodi.

Mwanamke kijana akafungua. "Karibu, mama. Unatafuta nani?"

Alimkalisha kwenye kiti cha marehemu mume wa Mukabalisa, akampa maji. Alikuwa na adabu, masikini. "Benye bunduki ndio balitupatia hii nyumba," alieleza. "Balisema haina mwenyewe."

Mukabalisa akanywa, akashukuru, akatoka.

Ukumbini Fabiola alimuuliza kama ameikuta nyumba.

"Nimeikuta."

Cyprien aliuona uso wake, akachukua mkasi ili afumue mshono, amrudishie hema lake.

"Acha, papa," Mukabalisa akasema. "Mule nyumbani muko batoto."

Akajitwika lenga-lenga zake, akapanda kuelekea Kanyaruchinya, kumwomba Philomène nafasi kwenye mkeka.