Tangazo la Kifo Changu Baada ya Taarifa ya Habari

Usiku wa jana niliota, na kuota kwenyewe kulinichosha.

Nililala mapema kwa sababu ya magoti. Nilikuwa nimekula muhogo mkavu, hauna tui, maana mbuzi yangu ya kukunia nazi iko kwa jirani yangu Kazija tangu harusi ya mwanawe, na mwanawe sasa ana mvi. Kila nikimuuliza ananiambia alishanirudishia. Basi nikalala na hasira kidogo, hasira za kizee, zile zisizomtoa mtu kitandani.

Televisheni yangu inakohoa. Haijawaka tangu masika, naiwekea chupa ya chai juu.

"Bi Mize," inasema, "unaitwa stesheni."

"Na nani?"

"Sijui. Mimi kazi yangu kupokea tu."

Najitanda kanga gizani, natoka. Navuka kizingiti, mtaa haupo. Niko mbele ya geti la stesheni ya televisheni, ile ya serikali ya hapa kisiwani kwetu. Sikushangaa. Kwa umri wangu, kushangaa ni kazi nzito.

Nje ya geti kuna watatu wamekaa kwenye baraza wanakunywa kahawa. Mmoja amerowa chapachapa, wa pili amebeba waya uliokatika, wa tatu ni kunguru.

"Nyinyi ndio akina nani?"

"Sisi ndio sababu zilizo nje ya uwezo wao," akajibu aliyerowa. "Wale wanaotajwa picha ikikatika. Kututaja wanatutaja kila siku, kutufungulia geti hawatufungulii."

"Poleni."

"Tushazoea," akasema kunguru, akapuliza kahawa yake.

Mimi geti likanifungukia. Lilisema nimo kwenye ratiba.

Ndani ni ukumbi mrefu wenye harufu ya zulia bichi. Kwenye kigoda amekaa mkanda wa video wa zamani, umejifunga kitambaa kichwani kama mwenye homa.

"Usinikanyage, bibi," ukasema. "Nimechoka. Wamenirekodia juu mpaka sijijui. Juu nina kipindi cha kilimo, chini ya kilimo kuna taarabu, chini ya taarabu kuna hotuba. Nitegee sikio."

Nikautegea. Chini kabisa kulikuwa na mpira unachezwa.

"Nani anaongoza?"

"Hakuna. Walinifuta kabla ya filimbi. Yule golikipa bado kajirusha, hajatua."

Nikaupa pole na wenyewe. Mlango wa pili ulikuwa wazi, ndani watoto wa kipindi cha watoto wamekaa chini kwa mistari, wanaimba. Wana vipara. Mmoja ana fimbo ya kutembelea.

"Nyinyi hamwendi kwenu?"

"Mtangazaji alituambia tukutane wiki ijayo," akasema mwenye fimbo. "Tunaingoja."

Mimi nakikumbuka kipindi chao. Televisheni ilipoletwa mtaani kwetu iliwekwa uwanjani, ndani ya kisanduku cha saruji juu ya nguzo, ina mlango na kufuli. Mwenye ufunguo alikuwa mkubwa kuliko sheha, mkuu wa mtaa. Magharibi ikishapita anakuja taratibu, anajikohoza, anafungua, na sisi wote na mikeka yetu tunanyamaza kama tuko darasani. Ilikuja na rangi zake tangu siku ya kwanza. Wengine tulikuwa hatujaona hata ile isiyo na rangi.

Na ndiyo iliyonipa talaka. Mume wangu Ussi alikuja uwanjani akasema, "Mize, nyumbani, nina njaa." Nikamwambia, "Subiri kiishe." Akaniacha palepale, mbele za watu. Watu wakamwambia asizibe kioo.

Basi, naingia studio. Mkubwa wa pale ni saa ya ukutani. Chini yake, mezani, yuko Shaame, msomaji wa habari, mtu mtanashati sana, ana koti na tai. Nikapita nyuma ya meza kumpa mkono. Chini ya kiuno hana kitu.

"Miguu iko wapi, mwanangu?"

"Haijawahi kuonyeshwa, Bi Mize. Kisichoonyeshwa hapa hakipo. Karibu ukae. Leo tunakusoma."

"Mnanisoma nini?"

"Kifo. Baada ya taarifa ya habari."

Nikakaa. Sitaki kusema uongo, sikuumia. Nilifikiria magoti, nikafikiria ngazi za hospitali, nikasema moyoni, haya, na wasome, nipumzike. Nikamwambia Shaame anisomee kwanza nisikie kama limekaa vizuri.

Akasafisha koo. "Bwana Ussi Khatib wa Kikwajuni anasikitika kutangaza kifo cha mkewe, Bi Mize Haji..."

"Cha nani wake?"

"Mkewe."

"Mimi si mkewe! Kaniacha uwanjani, mtaa mzima shahidi!"

"Ndivyo alivyolileta mwenyewe."

"Lifute hilo neno."

"Tangazo likishaingia kwenye ratiba haliguswi," ikasema saa juu yetu. "Na kinachosomwa hapa ndicho kinachokuwa. Tulipata kusoma mvua itanyesha kaskazini tu. Ikanyesha kaskazini tu, barabara upande huu imerowa, upande huu vumbi. Ukisomwa umekufa, umekufa. Ukisomwa mke wa Ussi, umekufa mke wa Ussi."

Hapo uchovu ukanitoka. Kufa ningekufa. Lakini niliuona msiba wangu: Ussi amekaa mbele na kanzu iliyopigwa pasi, anapokea pole, anapangusa jicho lisilo na chozi, halafu analetewa sinia la wali la peke yake. Yule mwanamume, hatimaye, anashiba kwa kifo changu.

"Lazima kuna kinachoweza kulizuia," nikasema.

Shaame akainama, akanong'ona. "Hakuna, Bi Mize. Labda sababu zilizo nje ya uwezo wetu."

"Si hao hapo nje wanakunywa kahawa?"

Shaame akageuka mweupe kama karatasi. "Usithubutu!"

Muziki wa taarifa ya habari ukaanza. Natoka mbio. Magoti yananiuliza, "Leo kuna nini?" Napita vipara, nauruka mkanda, nafika getini, navuta komeo.

"Haya, piteni. Mmekaribishwa."

Wakatazamana. "Ndani kabisa?" akauliza mwenye waya.

"Ndani kabisa. Futeni miguu."

Walifuta, hata kunguru. Tukaingia studio Shaame keshamaliza bei ya karafuu, anageuza karatasi, anafanya uso wa huzuni. "Bwana Ussi Khatib wa Kikwajuni anasikitika kutangaza kifo cha..."

Kunguru akatua kwenye waya wa sauti, akakaa.

Mdomo wa Shaame unakwenda, sauti haitoki. Aliyerowa akakaa juu ya karatasi, wino ukamwagika wote mezani. Mwenye waya hakupata pa kukaa, akasimama tu pembeni, anafurahia kuona ndani.

"Hewani kimya!" ikapiga kelele saa. "Hewani hapakai kimya! Nani ana sauti?"

Kamera zote zikanigeukia mimi. Kipaza sauti kikanijia mbio kwa mguu wake mmoja, kinahema. "Sema, bibi. Chochote. Ukisema ndiyo kimekuwa."

Nikajiona kwenye kioo cha televisheni ya pembeni. Kumbe kanga nimejitanda upande usiofaa, maandishi yake yanasomeka kinyumenyume. Hapakuwa na wakati wa kugeuza.

"Assalamu alaikum, ndugu watazamaji," nikasema. "Mimi ni Mize Haji. Sijafa, nimechoka. Watu wengi wanavichanganya hivi viwili. Ussi Khatib si mume wangu, na siku nikifa kweli asipewe sinia la peke yake, ale na wenzake, tena asikae mbele."

"Bado una nafasi," kikasema kipaza sauti.

Mtu mwingine angeombea nchi amani. Nami nilifikiria hivyo, Mungu shahidi. Lakini mdomo ulikuwa umekwenda.

"Na wewe Kazija, mke wa marehemu Juma Fundi, mbuzi yangu ya kukunia nazi nirudishie. Usiseme umenirudishia. Habari zikufikie popote ulipo."

Saa ikapiga. Taa zikazimika moja moja. Kwa mbali nikasikia mtu anatua chini, puu, na uwanja mzima unashangilia. Golikipa.

Nikaamka. Asubuhi, magoti yako palepale. Televisheni imezima, chupa ya chai juu yake. Nikavaa kanga yangu vizuri kwenye mwanga, nikafungua mlango nimwage maji.

Kazija amesimama nje. Ameshika mbuzi yangu ya nazi, ameisugua mpaka chuma kinang'aa, na juu ya ubao wake ameweka nazi nzima. Hanitazami usoni.

"Nimeikuta tu uvunguni," akasema.

"Ahsante, shoga. Nani kakukumbusha?"

Akaiweka barazani, akageuka kwenda zake. Alipofika kwenye kona akasimama, akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Siku nyingine wakikuita kule, shoga, vaa kwanza mbele ya taa," akasema. "Maandishi ya kanga yalikuwa kinyumenyume, na mtaa mzima tunatazama."